Baba Mkwe na Mradi Wangu wa Vyura

Masika ya mwaka juzi, pale kwetu Tabata, kuna kitu kilining'inia juu ya pipa langu la maji. Cheupe, kikubwa kama ngumi mbili, kimeng'ang'ania tawi la mpera kama povu la sabuni ya unga. Nikaenda moja kwa moja kwa jirani, mama mmoja mtu mzima ambaye kufua kwake huanza alfajiri. Shikamoo nilimpa, ila ya haraka haraka.

"Mama, mapovu yako yamefika kwangu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, mimi nafulia sabuni ya mche. Tangu lini mche ukarusha povu mpaka juu ya mpera?"

Nikarudi nimenywea. Nikasema litakauka lenyewe, na kweli nje likakauka, likawa gumu kama andazi la juzi. Ndani sikuchungulia.

Siku chache baadaye akaingia baba mkwe kutoka Muheza. Tangu nimwoe bintiye alikuwa hajakanyaga kwangu. Nyumba ikapigwa deki mara mbili, kuku akachinjwa, wali wa nazi ukanukia mpaka barabarani. Bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya tatu, kwa hiyo birika la kunawia likajazwa kutoka kwenye pipa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemnawisha. Nikainama kwa adabu zote, nikamimina.

Kwenye beseni vikaanza kucheza vitu vyeusi, vina vichwa na mikia. Kimoja kikabaki kwenye kiganja cha mzee, kinajipindapinda. Mke wangu akakumbuka ghafla kuna kitu kinaungua jikoni.

"Mkwe," mzee akasema taratibu, "hawa mnawafuga?"

Mwenye akili zake hapo angesema samahani, baba. Mimi nikasema, "Ndiyo, baba. Ni mradi."

"Mradi wa vyura?"

"Ndiyo, baba."

"Kilo wanauzaje?"

"Soko ndiyo tunalitafuta, baba."

Akamshika yule kiluwiluwi kwa vidole viwili, akamrudisha ndani ya birika. "Basi usimwage mtaji."

Usiku nikajifungia chooni na simu, nisome biashara yangu. Kumbe lile povu ni kiota! Kuna chura wa mitini ambaye jike lake hutafuta tawi lililo juu ya maji, hutoa ute, kisha huupiga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayepiga mayai ya keki, madume nayo yakisaidia, mpaka uumuke. Mayai hukaa humo. Ganda la nje hukauka ili ndani kusikauke, na baada ya siku tano hivi viluwiluwi hudondoka majini. Nami nilikuwa nimewawekea pipa lisilo na mfuniko. Na huyo chura namjua! Ndiye yule wa kijivu anayeshinda ameganda ukutani mchana kutwa, jua likimpiga anageuka mweupe kama chokaa. Nilidhani ni mgonjwa.

Asubuhi mzee akaamka na hoja. "Wale vyura wa maporomoko ya Kihansi walipandishwa ndege mwaka 2000 mpaka New York. Usiwadharau hawa wako."

Nikaitikia, huku moyoni nikiwatamani hao wa Kihansi: wao huzaa watoto kamili, wenye miguu yao, hakuna habari za mkia wala maji. Birika langu lisingehusika.

Mzee akaondoka. Viluwiluwi wakaota miguu, mikia ikaisha, wakaruka zao. Nikanunua mfuniko. Lakini kila Jumapili simu inaita: "Mradi vipi?" Mwezi wa sita nilimwambia wamefika mia tatu. Mwezi wa saba nikaona haya kurudia namba ileile, nikasema mia sita.

Agosti, vumbi tupu. Vyura hawa huzaliana kwa mvua. Kiangazi kila mmoja amejibana anakojua mwenyewe, hata mlio husikii. Simu ikaita, na haikuwa Jumapili.

"Mkwe, niko stendi ya Mbezi. Nimekuja na ndoo mbili, utugawie mbegu. Niko na mweka hazina wa kikundi."

Nikatoka mbio hadi kwa jirani. Safari hii shikamoo niliitoa kwa kituo.

"Marahaba. Leo mapovu gani tena?"

"Hapana, mama. Nauliza tu, kwako hapa hakuna chura?"