Mtoto bonge sio sababu ya kumgeuza aangalie mbele

Kuna kauli naisikia kila mtoto wangu akionekana kwenye simu tukiwa garini, amekaa kwenye kiti chake cha gari kinachoangalia nyuma: "jamani huyo kashakua, mgeuzeni na yeye aone njia." Anasema dada, anasema mama mkwe, siku hizi mpaka watoto wa dada nao wanasema. Na kweli mtoto ni bonge, hilo sibishi, miezi kumi na kilo 11 na ushee, miguu kaikunja juu ya mgongo wa siti ya nyuma utadhani kakaa jamvini. Ila hapa Uswidi ukisema mtoto wa miezi kumi umeshamgeuza anaangalia mbele, watu wanakutolea macho. Sio kwamba wana roho nzuri kutuzidi, hapana. Wao wanapima kitu kingine kabisa na mimi nnaona kwa hili wako sahihi, na nnaona vilevile kwamba sisi tunaweza kulifanya bila kusubiri mtu atuletee.

Nyumbani tunapima kwa macho. Mtoto akiwa na mwili, akikaa mwenyewe, shingo imekaza, basi amekomaa, apandishwe daraja. Huku hata nesi wa kliniki ya watoto, wanaita BVC, akiona kilo zimepanda anafurahi, anaandika, halafu anakuuliza kiti kile kidogo kinamtosha bado? Maana kwake mtoto kukua haraka maana yake tafuta kiti kikubwa zaidi cha kuangalia nyuma, basi. Wazo la kwamba ukubwa ndio unamgeuza mtoto halipo kichwani mwake.

Sababu ni shingo. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, mtu mzima hata moja ya saba haifiki vizuri. Halafu ile mifupa ya shingo haijawa mifupa kamili, kila pingili ni vipande vimeunganishwa na gegedu, vinaanza kushikana vizuri kuanzia miaka mitatu hivi na kuendelea mpaka sita. Sasa hapo kilo haziingii. Bonge wa miezi kumi ana shingo ya miezi kumi, na kichwa chake pengine ni kizito kuliko cha mwenzie mwembamba, so ukifikiria vizuri yeye ndio ana sababu zaidi ya kuangalia nyuma. Gari ikigonga kwa mbele, mtoto anayeangalia mbele kifua kinabaki kwenye mikanda halafu kichwa kinaenda, kinachokizuia ni shingo peke yake. Anayeangalia nyuma anazama kwenye mgongo wa kiti chake, kichwa shingo na mgongo vyote vinabebwa kwa pamoja.

Wanaouliza "je ukigongwa kwa nyuma?" swali zuri, ila ukigongwa nyuma mara nyingi gari zote mbili zinaelekea upande mmoja, kishindo kinapungua. Ya uso kwa uso ndio inaua.

Waswidi hili jambo lina historia kwao. Profesa wao mmoja, Bertil Aldman, alipata wazo miaka ya sitini kwa kuangalia jinsi wanaanga wa Marekani wa vile vyombo vya Gemini walivyolazwa kwenye viti, mgongo ndio unapokea nguvu. Mwaka 1964 wakajaribu kiti cha mtoto cha namna hiyo kwenye Volvo, na 1972 kikaingia sokoni. So bibi ninayekaa naye kwenye kiwanja cha watoto, watoto wake mwenyewe walipanda wakiangalia nyuma, hakuna wa kumwambia bintiye "mgeuze aone njia". Ushauri wa huku ni angalau mpaka miaka minne.

Na hapa ndio nataka kubishana na wenzangu wa ughaibuni. Mtu akifika huku anakimbilia kusema "wenzetu wana sheria". Sheria ya huku inasema mtoto chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti au kifaa cha kumkinga kinachomfaa, kweli. Lakini ile ya mpaka miaka minne kuangalia nyuma sio polisi anayekulazimisha, ni ushauri tu, watu wamekubali kwa sababu nesi anasema, wa gari anasema, bibi anasema. Sasa kama ni maneno ya nesi na bibi, mbona na sisi manesi tunao na mabibi tunao? Huwa inanikera tukijifanya kila kitu kinaanzia bungeni.

Nyumbani kwanza kabla hata ya kiti, ninachokiona nikirudi ni mkanda. Unaingia kwenye gari safi kabisa, kava za siti mpya, unatafuta pa kuchomeka mkanda wa nyuma hupaoni, vichomekeo vimezamishwa chini ya kava toka gari lilipotoka bandarini. Unaingiza mkono unapapasa, unatoka na njugu na sarafu. Halafu mtoto anapakatwa siti ya mbele kwa upendo wote. Hesabu yake ni hii: gari ikiwa kilomita 50 kwa saa ikasimama ghafla ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikononi mwako kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mama wa kushika huo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na mkiwa mbele kuna eabegi nayo, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu kutoka kwenye dashibodi gari ikigonga.

Haya, tuje kwenye kiti chenyewe, maana naulizwa sana inbox na wenye watoto wanaokua mbio.

Kitu cha kwanza ambacho kwa mtoto bonge kinaleta hasara ni ile stika ya kwenye kiti. Viti vya zamani vinapimwa kwa kilo, kanuni yao ya usalama ni R44, vipya vinapimwa kwa urefu, R129, ndio hiyo wanaita i-Size. Sasa utakuta kiti cha mtumba kimeandikwa kilo 0 mpaka 18, unafurahi, unasema huyu atakaa mpaka aende chekechea. Fungua kijitabu chake au angalia michoro ya pembeni. Vingi vya hivyo kuangalia nyuma ni mpaka kilo 13 tu, vingine hata 10, zile kilo zinazobaki ni za kuangalia mbele. Bonge wa kilo 11 kile cha mpaka 10 ameshakimaliza kwa upande unaoutaka wewe, na bado hajatimiza mwaka. Kwa hiyo ukiambiwa namba, uliza: hiyo ni namba ya kuangalia nyuma?

Na ile i-Size yenyewe imeweka kwamba mtoto asigeuzwe kabla hajapita miezi 15. Watu wameigeuza hiyo kuwa tarehe ya sherehe, mtoto akitimiza tu huyo kageuzwa. Ni kiwango cha chini kile, sio cha kukimbilia. Madaktari wa watoto wa Marekani nao walikuwa wanasema mpaka miaka miwili, 2018 wakaondoa umri kabisa wakasema muache mpaka kiti chenyewe kimshinde kwa urefu au uzito.

Kinamshinda lini? Tazama kichwa, miguu iache. Ile beseni ya kubebea ya mtoto mchanga, yaani kile kiti kidogo chenye mpini, nyingi zinaishia kilo 13 au sentimita 87 hivi, lakini mtoto mrefu wa kiwiliwili anaweza kuimaliza kabla ya hapo, utosi ukifika kwenye ukingo wa juu imekwisha hata kama kilo bado zipo. Watoto wawili wa urefu mmoja, mmoja marefu yake yako miguuni, mwingine mgongoni, huyu wa mgongoni ndio anatoka mapema. So ukienda kununua kipime mgongo wa kiti kutoka kalioni mpaka juu pale sehemu ya kichwa ikiwa imepandishwa mwisho, halafu mpime mtoto akiwa amekaa. Zile sentimita za kwenye boksi zitakudanganya.

Miguu kukunjwa haina shida. Hiyo ndio kauli ya pili baada ya "aone njia". Mtoto wa miaka mitatu anakaa vile hata sakafuni anacheza, anakunja nne, anaipandisha juu ya mgongo wa siti, yeye hana habari. Na mguu ukivunjika unafungwa plasta.

Kwa mtoto anayekua haraka maoni yangu ni kwamba ile beseni wengi wangeiruka, ila hapa nitapingwa. Kuna viti vya kuanzia kuzaliwa mpaka miaka minne vyenye mto wa ndani wa kumbana mtoto mchanga, ukihakikisha kinalala vya kutosha kidevu kisidondoke kifuani na mikanda ya mabega inatokea usawa wa bega au chini yake kidogo, basi umemaliza na kiti kimoja. Kama kinampwaya aanze na beseni kwanza, usilazimishe. Akishatoka kwenye uchanga, tafuta cha kuangalia nyuma mpaka kilo 25 au zaidi, viko mpaka vya sentimita 125. Waswidi wana mtihani wao wa ziada, Plus Test, unapima nguvu inayofika shingoni, na kiti cha kuangalia mbele hakijawahi kuupita. Ukiona hiyo stika, chukua.

Vile vinavyozunguka ambavyo huku ndio fasheni, mimi sivipendi sana kwa bonge. Vingi mwisho wake ni sentimita 105 na kilo 18 au 19, na bonge wetu kilo 18 anaweza kuzifika hata hiyo miaka minne hajaigusa. Halafu kitu kinachozunguka kinakutamanisha. Analia kidogo tu, unakizungusha aangalie mbele, "leo tu".

Na sio kila kitu cha huku ni cha kuiga. Huku mtoto anatolewa garini na beseni yake, inachomekwa kwenye toroli, anazungushwa madukani masaa, analetwa nyumbani bado yumo amekunjamana kidevu kifuani. Kile kiti ni cha garini, ukifika mtoe. Hapo nyumbani tumewazidi mbali, mtoto akishuka tu garini hafiki mlangoni kabla hajabebwa na mtu.

Sasa kwa walio nyumbani, au wewe wa huku unayetaka kumtumia dada kiti, usinunue kama unavyojinunulia mwenyewe. Huku tunapenda Isofix, yaani vile vyuma vya gari vya kuchomekea kiti, na besi yenye mguu unaosimama sakafuni, kli kli umemaliza. Nyumbani gari leo ni hili kesho la shemeji keshokutwa la kukodi, moja lina vyuma vya Isofix jingine halina, jingine sakafuni kuna kaboksi ka kuhifadhia vitu na mguu wa kiti haufai kusimama juu ya kifuniko. Mtumie kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari. Kama kinatoka Marekani kuna jambo watu hawalijui, mikanda ya gari za kule ukiivuta mpaka mwisho inajifunga hairudi nyuma, gari nyingi za kwingine hazifanyi hivyo, kwa hiyo hakikisha kiti chenyewe kina kibanio cha kuushika mkanda, la sivyo kitalegea kila kona. Ukishafunga kitingishe pale mkanda unapopita, kisiyumbe.

Kiti cha mtumba kutoka kwa mtu unayemjua sawa, angalia tarehe iliyogongwa kwenye plastiki na uulize kama gari lake liligonga. Cha mtu usiyemjua kiache, ufa wa ndani hauonekani.

Mikanda ya mtoto mwenyewe kaza mpaka usiweze kuibana ikakunjika kati ya vidole begani. Blanketi linakuja juu ya mkanda, sio chini yake. Kiti cha kuangalia nyuma kisikae mbele penye eabegi inayofanya kazi, na gari nyingi za mtumba hazina swichi ya kuizima, so ni nyuma tu.

Kinachobaki ni nafasi, na kwenye IST au Vitz ni kweli kiti kikubwa kinasukuma siti ya mbele. Kiweke nyuma ya abiria badala ya nyuma ya dereva, siti ya abiria ivutwe mbele, na aliye mfupi ndio akae pale. Shemeji yangu ni mrefu na hapo ndipo analalamika kila nikirudi, magoti yanagusa dashibodi. Ahamie nyuma ya dereva, yeye mifupa yake imeshakomaa zamani.