Kabla halmashauri haijanunua vihisi

Halmashauri nyingi zina mpango wa TEHAMA na zina mpango wa mazingira, na mara nyingi mipango hiyo imeandikwa na watu wasiokaa kikao kimoja. Mmoja unahesabu kompyuta na mifumo, mwingine miti, taka na maji. Naamini fedha za umma zinapotelea katikati ya hiyo miwili.

Chukua maji. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wengi wamelala na matumizi yako chini kabisa. Mita iliyofungwa kwenye bomba linaloingia mtaani ikionyesha kuwa maji bado yanapita kwa wingi saa hizo, basi sehemu kubwa inavuja. Mainjinia wa maji wanalijua hili tangu zamani. Jipya ni kwamba mita ya kidijitali, mojawapo ya vihisi (vifaa vinavyopima na kutuma taarifa vyenyewe), inaweza kuleta taarifa hiyo kila usiku, mtaa kwa mtaa, bila mtu kwenda kuisoma. Na kwa kuwa maji hayo yamesafishwa na kusukumwa kwa umeme, kila tundu linalozibwa linaokoa maji na nishati kwa pamoja.

Lakini mita haizibi bomba. Tokyo, ambako uvujaji umeshuka hadi takriban asilimia 3, ilifanya kazi ya miongo mingi: kung'oa mabomba ya risasi, kuweka ya chuma kisichoshika kutu, na kutuma vikosi vya kusaka uvujaji na kuuziba. Halmashauri inayonunua vihisi bila kuongeza mafundi na vipuri itajua maji yanapotelea wapi, nayo yataendelea kupotea.

Ndiyo maana ningependa madiwani waulize hivi kabla zabuni haijatangazwa: taarifa ikifika, nani atachukua hatua, na kwa fungu lipi? Kama hakuna jibu, zabuni isubiri. Hata vihisi vinavyoonyesha pipa la taka likijaa havina faida ikiwa mkandarasi analipwa kwa idadi ya safari. Kwa nini apunguze safari?

Kuna na upande usiotajwa sana kwenye hotuba za uzinduzi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa kompyuta mpakato, sehemu kubwa ya hewa ukaa hutokea kiwandani, kabla haijawashwa hata mara moja. Kuitunza mashine iliyopo miaka mitatu zaidi ni kazi ya mazingira kabisa, ingawa haipigiwi picha. Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zisizo na hitilafu zilianza kuitwa chakavu. Nyingi kati ya hizo zinaweza kuendelea na kazi za ofisi kwa Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Kwa hiyo ofisa mazingira awemo tangu zabuni ya vifaa inapoandikwa, si kualikwa siku ya uzinduzi. Adai betri inayobadilishika, vipuri vinavyopatikana, masasisho ya usalama kwa muda ulioandikwa, na muuzaji anayerudisha vifaa vikichakaa. Mwenzake wa TEHAMA aongeze sharti moja ambalo ningelipigania kuliko yote: data zote ziwe mali ya halmashauri, katika muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma, ili mkataba ukiisha kumbukumbu za maji na taka zisiondoke na kampuni.