Bayoinfomatiki isisubiri shahada ya uzamili

Huku Uholanzi, mwanafunzi wa baiolojia akifika mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza hutengewa muhula, Septemba hadi Januari, asome fani ndogo nje ya somo lake kuu. Mara nyingi fani hiyo ina krediti 30, na krediti moja huku ni saa 28 za kazi. Akichagua bayoinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibaiolojia kwa kompyuta, amepata saa 840 za kukaa na data, bila botania wala kemia kumvuta shati. Nyumbani Tanzania mwenzake hukutana na bayoinfomatiki kama kozi moja, tena pale ilipo. Krediti ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120, nazo zimetawanywa muhula mzima katikati ya kozi nyingine. Anayetaka zaidi huambiwa asubiri uzamili, aende Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Kenya, au Makerere, Uganda.

Naona hapo ndipo tunapowaangusha vijana wetu. Kila mara sababu inayotolewa ni mitambo: wenzetu wana seva kubwa, sisi hatuna. Seva ni kweli wanazo, lakini sehemu kubwa ya wanachofundisha katika fani hii inaingia kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Tofauti inayouma zaidi ni ratiba.

Wiki mbili za kwanza za Linux, mfumo endeshi unaotumika sana katika kazi hii, ni chungu kwa kila mtu. Mwanafunzi wa baiolojia amezoea kubonyeza picha, sasa anaandika amri kwenye skrini nyeusi na nafasi moja ikizidi kazi inagoma. Akifanya hivyo siku nzima, kila siku, kufikia wiki ya tatu mikono imezoea. Akifanya saa mbili kila Jumatano, Jumatano inayofuata ameshasahau, na saa moja kati ya zile mbili imeliwa na kusakinisha programu. Ndiyo maana kozi fupi huishia kwenye nadharia. Mtihani unauliza "taja aina tano za BLAST", programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, mwanafunzi anasoma desa, anafaulu, na hajawahi kufungua faili hata moja la mfuatano wa DNA.

Muda mrefu unampa pia nafasi ya kukosea, na katika kazi hii makosa mengi hayapigi kelele. Orodha ya sampuli iliyoandikwa kwenye Windows ikipelekwa Linux hubeba alama isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Programu inasema haiijui sampuli S01, ilhali macho yako yanaiona. Amri ya dos2unix inaisafisha kwa sekunde moja, ukijua ndiyo dawa. Faili moja likiandika kromosomu kama "chr1" na jingine "1", unapata matokeo sifuri na mara nyingine hakuna onyo lolote. Mafaili yanayotaja mahali kwenye DNA nayo hayahesabu sawa: la BED huanzia 0, la GFF na la VCF kuanzia 1. Ukichanganya, kila kitu kinasogea herufi moja na asidi amino unayoitaja siyo yenyewe. Excel nayo iligeuza jeni SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe kwa miaka mingi, mpaka kamati ya majina ya jeni za binadamu ikaamua mwaka 2020 kubadili majina yenyewe yawe SEPTIN2 na MARCHF1.

Kubwa kuliko yote ni takwimu. Ukipima jeni 20,000 kwa kipimo cha 0.05, jeni kama 1,000 zitaonekana zimebadilika hata kama hakuna kilichobadilika, ndiyo sababu ya masahihisho ya Benjamini na Hochberg, mbinu ya kupunguza majibu ya uongo kama hayo. DESeq2, programu ya kulinganisha utendaji wa jeni kati ya makundi, inataka hesabu ghafi za vipande vilivyosomwa na mashine; ukiilisha namba ulizokwisha kuzisawazisha, majibu yake hayaaminiki. Na ukipima sampuli za wagonjwa wote Jumatatu na za wazima wote Alhamisi, hakuna programu duniani itakayotenganisha ugonjwa na siku. Kosa hilo linafanyika maabara, kabla kompyuta haijawashwa, na anayeweza kulizuia ni mwanabaiolojia. Kwa hiyo siafiki hoja ya kuwaachia watu wa kompyuta kazi hii. Mtu wa kompyuta hupokea data ikiwa imekwisha kuharibika.

Turudi kwenye mitambo. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi zaidi ya bilioni 3, na mtu mmoja akisomwa mara 30 data yake ni makumi ya gigabaiti. Hiyo tuiache. Bakteria wa kifua kikuu, aina ya H37Rv, ana herufi milioni 4.4. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ana milioni 23 katika kromosomu 14. Virusi vya UVIKO-19 vina herufi 29,903 tu. Laptopu ya RAM ya gigabaiti 8 yenye kori nne inapanga data ya sampuli moja ya kifua kikuu juu ya jenomu rejea kwa programu ya BWA ndani ya dakika chache, na inatambua mabadiliko ya DNA kwa programu ya BCFtools kabla chai haijapoa. Mwenye Windows aandike wsl --install apate Linux ndani yake, kisha achukue programu kupitia Bioconda, hazina ya bure ya programu za fani hii. Ambaye kompyuta yake ni dhaifu kabisa afungue akaunti ya bure kwenye Galaxy ya Ulaya, tovuti ya kuchambulia data iliyoko Freiburg, Ujerumani, kazi ifanyike kule, yeye abaki na kivinjari tu.

Bando na umeme ni tatizo la kweli, na huku hatulijui. Lakini lina mbinu zake, nazo zinafaa ziwe sehemu ya somo. Mwalimu apakue data mara moja, aigawe kwa diski darasani, watu thelathini wasipakue faili lilelile. Upakuaji ufanywe kwa wget -c ili ukikatika uendelee ulipoishia, halafu md5sum ithibitishe faili limefika zima. Faili la gz (lililobanwa) lililokatika njiani mara nyingi hufanya kazi nusu saa kisha likafa. Anayeingia seva ya mbali afungue programu ya tmux kwanza, mtandao ukikata kazi iendelee yenyewe. Data ikiwa kubwa, programu ya seqtk inachukua kwa bahati nasibu asilimia 10 yake. Muhimu ni kutumia namba moja ya mbegu, ile inayoanzisha bahati nasibu hiyo, kwa mafaili yote mawili ya jozi (kila kipande cha DNA husomwa ncha zote mbili), la sivyo vipande havitaoana.

Na kuna jambo ambalo nyumbani tuko mbele. Hapa Uholanzi mwanafunzi anachambua malaria kama herufi tu. Nyumbani mwanafunzi anajua sampuli ilitoka kwenye damu ya mgonjwa, hivyo anaelewa upesi kwa nini sehemu kubwa ya vipande ni DNA ya binadamu, na kwa nini lazima viondolewe kabla ya uchambuzi na visiwekwe hadharani. Jenomu ya kimelea hicho ni A na T kwa takriban asilimia 80, programu zilizotegeshwa kwa binadamu hujikwaa hapo, na swali hilo ni letu kabla halijawa la mtu mwingine.

Hatuhitaji kusubiri mtaala mpya kabisa. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo, fildi, zipo tayari, na bumu (fedha ya mkopo) la fildi lipo. Wiki nane za kazi ya siku nzima ni saa 320. Kila mwaka wapo wanaoishia kwenye ofisi wanakobandika lebo na kutumwa barua. Kundi hilo lipewe chumba, swichi ya mtandao na mwalimu mmoja anayejua kazi. Mfumo unaofanana na huo, wa video za pamoja na madarasa ya hapo hapo yenye wasaidizi, si mgeni Afrika: H3ABioNet, mtandao wa bayoinfomatiki wa Afrika, iliutumia kuanzia 2016 katika kozi yake ya utangulizi ya miezi mitatu.

Mtihani wa mafunzo hayo uwe hivi: kila mwanafunzi apewe sampuli moja ya kifua kikuu kutoka ENA, hifadhi ya Ulaya ya data za DNA iliyo wazi kwa wote, atafute mabadiliko ya jeni rpoB yanayoleta usugu kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na akabidhi skripti ambayo mwalimu ataiendesha kwenye folda tupu. Ikikwama katikati, alama zipungue. Wengi watapata S450L, yaani badiliko la asidi amino namba 450 kutoka serini kuwa leusini, kisha watafungua makala za zamani wakute imeandikwa 531 na kudhani wamekosea. Ni badiliko lilelile. 531 ni hesabu iliyoazimwa kutoka kwa bakteria mwingine, E. coli, na mwanafunzi anayeweza kulieleza hilo kwa maneno yake amestahili A.