Mwanangu hanywi maziwa, na sijadharau mtu

Jumatano iliyopita mama mmoja wa pale nasari alinitumia picha tatu kwa simu. Nyuma ya pakiti ya keki, nyuma ya pakiti ya soseji, nyuma ya krispi. Bathdei ya mtoto wake ilikuwa Jumamosi. Chini akaandika amesoma zote, keki na krispi ziko sawa, soseji iko na maziwa kwa hivyo atanunua zingine za kijana wangu, na je, kuna kitu kingine anafaa kujua? Huyu ni mama tumesalimiana getini labda mara nne. Nilikuwa kwa basi natoka shifti ya usiku hapa Leeds, nikasoma hiyo meseji nikalia, na sikujali nani ananiangalia.

Wale wa kwetu mshaelewa nililia nini.

Nyumbani ni Njoro, karibu na Nakuru, Kenya. Na kabla mtu aseme nimesahau nilikotoka, mimi ni mtoto wa maziwa kabisa. Mamangu alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi, na karo yangu yote ya sekondari ilitoka sosaiti, kile chama cha wakulima kinachonunua maziwa, ile karatasi ya kilo za mwezi ndiyo ilikuwa inaamua kama nitarudi shule ama nitabaki nyumbani nikingoja. Primary nilikunywa maziwa ya Nyayo, ile pakiti ya pembe pembe unatoboa kona na meno. Kwa hivyo hakuna mtu atanifunza heshima ya maziwa. Najua kwetu mgeni akipewa strungi, chai bila maziwa, ni kama ameambiwa ashike njia, na mwenye nyumba anaona aibu hadi anatuma mtoto kwa jirani na kikombe. Hayo yote nayajua.

Lakini mwanangu maziwa inamuumiza.

Alianza akiwa na wiki sita hivi. Mashavu na nyuma ya magoti yakawa mekundu yanatoa maji, analia akinyonya, analia akimaliza, halafu siku moja nikafungua nepi nikaona damu kama uzi kwenye choo. Na msidhani huku ni mbinguni, hapa pia walinizungusha, mara ya kwanza nikaambiwa ni gesi, mara ya pili nikapewa mafuta ya kupaka, ni mara ya tatu nilipobeba ile nepi kwa mfuko wa plastiki nikaiweka mbele ya daktari ndio nikapelekwa kwa mtaalamu wa lishe. Huyo mama akaniuliza, wewe mwenyewe unakunywa nini? Chai. Ya maziwa? Ya maziwa, vikombe vinne, vitano kwa siku. Kumbe protini ya maziwa ya ng'ombe inapita kwa titi inamfikia mtoto. Akaniambia niache maziwa na chochote chenye maziwa kwa wiki nne, nimeze kalsiamu na vitamini D, halafu nirudishe tuone.

Wiki ya pili damu ilikuwa imeisha. Wiki ya nne alilala usiku mzima, mimi ndio nilikuwa naamka kila saa kuangalia kama anapumua. Tukarudisha maziwa, siku ya tatu damu ikarudi. Hii aina ya aleji inayochelewa haionekani kwa kipimo cha damu, inajulikana hivyo tu, unaacha unarudisha. Basi nikanyonyesha mwaka mzima nikinywa strungi, mimi wa Njoro, na sikufa.

Sasa Desemba ya 2023 tukaenda nyumbani. Alikuwa na mwaka na miezi nane. Nilikuwa nimeongea na kila mtu kwa simu, wote wakasema sawa sawa, tumeelewa. Siku ya tatu, saa kumi jioni, watu wamejaa sebuleni, nikatoka kuanua nguo. Kurudi napata anti yangu amempakata mtoto anamnywesha chai kwa kisahani, ile ya kumimina ipoe kidogo huku unapuliza, na ukoko wa maziwa umeshika pale ukingoni. Aliponiona hakushtuka. Akasema, "Mami, mtoto wa hapa atakataaje maziwa? Ni kidogo tu, na si unaona anavyofurahia."

Usiku huo alitapika mpaka ikawa maji matupu, akaharisha, akajikuna shuka ikaingia damu. Saa tisa usiku tulikuwa barabarani tukitafuta gari ya kutupeleka Nakuru mjini. Na asubuhi mtoto akiwa na dripu mkononi, maneno yaliyonifikia kutoka nyumbani ni kwamba amebadilisha maji, yaani ni maji ya ugenini yamemgonjesha, si maziwa.

Anti sina kinyongo naye. Mkono ule ndio ulinilea mamangu akienda kukata nyasi. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimesema, nikarudia, nikaonyesha picha za ile nepi, na bado neno langu halikutosha. Hapa, tangu ijulikane ni maziwa, sijawahi kuombwa nithibitishe. Nikisema hawezi maziwa wanauliza swali moja tu, hata ile iliyookwa ndani ya keki au biskuti? Kule nasari jina lake liko kwa ukuta wa jikoni na sahani yake iko na ukingo wa kijani, na yule mpishi ananawa mikono kabla ya kuishika. Ndio tofauti ninayoongelea, ni hiyo tu, sijasema barabara wala sijasema stima.

Nasikia tayari mtu anasema, tangu lini Mwafrika akawa na aleji, hayo ni magonjwa ya wazungu. Haya, niambie, wewe hukuwa na mtoto kwenu wa kujikuna usiku kucha? Ndugu yangu mdogo alikuwa hivyo mpaka darasa la tatu na tuliambiwa ni damu mbaya. Wangapi walipelekwa kukatwa kilimi kwa sababu wanatapika? Wangapi waliambiwa ni kijicho cha jirani? Tulikuwa nayo hii shida, jina ndilo tulikosa. Siwezi kusema wote walikuwa na aleji ya maziwa, lakini hakuna aliyeuliza wanakula nini.

Na sijasema wazungu walizaliwa na huruma. Waliumia kwanza. Hapa Uingereza kuna vitu 14 ambavyo lazima vionekane wazi kwenye lebo, maziwa ikiwemo, mara nyingi vinaandikwa kwa herufi nzito. Lakini chakula kilichofungwa pale pale dukani kilikuwa kinaponyoka, mpaka msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, akafa 2016 kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate aliokula safarini. Wazazi wake wakapigana, na tangu Oktoba 2021 hata hiyo sandwichi ya kufungwa dukani lazima iandikwe yote. Ilichukua mtoto wa mtu. Sisi tunangoja wa nani?

Tena niwaambie kitu ambacho ni cha kujivunia na hatukioni. Huku maziwa yamejificha kila mahali. Kwa soseji, kwa krispi, kwa mkate, mara imeandikwa wei, mara kaseini, na zote ni protini za maziwa, unasimama supamaketi dakika arobaini unasoma pakiti kama mtihani. Kwetu? Ugali hauna maziwa. Githeri, nduma, ngwaci, ndengu, chapati za maji, hakuna. Omena unaikula na mifupa yake, hiyo ni kalsiamu. Sukuma ni kalsiamu. Wimbi inashinda karibu nafaka zote. Yule mtaalamu wangu nilimwandikia vyakula vya kwetu kwa karatasi akaniomba abaki nayo. Yaani sisi ndio tungekuwa watu wa kulea huyu mtoto bila shida hata kidogo, sahani yote iko tayari, ni kile kikombe kimoja cha saa kumi tu ndio tunakifanya mtihani wa upendo.

Halafu kuna wale wa kusaidia. Mpe mala, yale maziwa yaliyoganda, mala haina shida. Mpe ya mbuzi. Jamani, mnachanganya vitu viwili. Kuna yule ambaye tumbo lake haliwezi sukari ya maziwa, laktosi, huyo ni mtu mzima wengi wetu tuko hivyo na hatujui, anavimba tumbo kidogo, na mala inaweza kumfaa. Mwanangu ni protini inayomgonga. Mala iko nayo, mursik, yale ya kibuyu, iko nayo, na ya mbuzi inafanana sana na ya ng'ombe. Si ukaidi wangu.

Saa hii ana miaka mitatu na tumeanza ile wanaita ngazi ya maziwa. Unaanza na biskuti yenye maziwa kidogo iliyookwa na unga, kwa sababu moto na ngano zinaibadilisha ile protini, unampa robo, siku zingine nusu, ukiona yuko sawa ndio unapanda, maziwa yenyewe ni ngazi ya mwisho kabisa. Watoto wengi wanatoka kwa hii shida kabla ya shule. Jana alimaliza nusu biskuti, nikamvua shati mara tatu usiku nikimulika mgongo na tochi ya simu. Safi.

Desemba tunarudi Njoro. Bado sijui nitafanya nini na majirani, wale wa kuingia na kumbeba mtoto kabla hujasalimia. Lakini Jumapili mamangu alipiga, akaniambia amenunua sufuria ndogo na mwiko wake, ameviweka rafu ya juu mbali na vya chai, ni vya uji wa kijana peke yake na ameshawatangazia. Halafu akanyamaza kidogo akasema anti yako ameniuliza hiyo biskuti inaitwaje, kama hapa Njoro inapatikana. Nikamwambia amwambie asihangaike, nitabeba pakiti sita.