Uliza kwanza: lini mara ya mwisho alikuwa sawa?

Mama mkubwa alipewa karatasi na kalamu, akaambiwa achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha mishale ioneshe saa tano na dakika kumi. (Waliokitunga kipimo hiki cha ubongo saa yao huitaja kama inavyosomeka. Sisi tunaosema saa tano huku mshale mfupi uko kwenye 11 tunaongezewa hatua moja ya kufikiri, na sijaona anayeihesabu.) Duara alilichora vizuri tu. Namba zote 12 akazirundika upande wa kulia, kama abiria waliokimbilia mlango mmoja. Mshale hakuweka hata mmoja.

Daktari akaitazama ile karatasi. "Ni uzee huo. Mzoeeni tu."

Nasi tulikuwa tayari kuzoea. Aliyetuokoa ni muuguzi aliyekuwa anampima presha, akauliza kama mtu anayepiga soga: "Mara ya mwisho kumwona yuko sawa ilikuwa lini?" Tukatazamana. Jumapili! Jumapili alikuwa anatutajia nani anadaiwa nini kwenye kikundi chao, bila daftari. Jumatano usiku hakulala, akawa anaokota kwenye shuka sisimizi ambao sisi hatukuwaona. Alhamisi ndiyo hiyo ya saa.

Demensia, yaani akili na kumbukumbu kudhoofika, ukiacha ile inayofuata kiharusi, kwa kawaida haiji kwa siku tatu. Inaingia kwa miezi na miaka. Kinachozuka ghafla, kikawa kinapanda na kushuka, asubuhi anakujua, jioni anakuuliza wewe nani, ni kuweweseka kunakoitwa deliriamu, na nyuma yake karibu kila mara kuna kitu mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya, hata vile vidonge vya usingizi au vya mafua vinavyonunuliwa bila cheti. Kwa mama mkubwa ilikuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo.

Ugomvi wangu si na yule daktari. Kila mtu hukosea, na foleni ilikuwa ndefu. Ugomvi wangu ni na maneno mawili, uzee na wazimu, ambayo tunayatumia kama majibu wakati hayajajibu kitu. Mzee akisahau tunampa la kwanza. Kijana akianza kusema peke yake tunampa la pili. Hospitalini nako mambo yamegawanywa vilevile: huku daktari wa ubongo, kule daktari wa akili, mgonjwa na ndugu zake katikati na faili mkononi. Lakini kichwa ni kimoja.

Auguste Deter alipofikishwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwaka 1901, alikuwa na umri wa miaka 51. Dalili ya kwanza mumewe aliyoiona haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu: mama wa watu alianza kumshuku mumewe, na kumbukumbu ikafuata baadaye kupotea. (Fikiria angeanza kulalamika hivyo leo, nani angemshauri akapimwe ubongo?) Alipofariki mwaka 1906, daktari wake aliuchunguza ubongo kwa hadubini akakuta mabonge na nyuzi zilizosokotana. Daktari huyo ni Alois Alzheimer, ambaye aina hiyo ya demensia leo inaitwa kwa jina lake, na alikuwa daktari wa akili.

Kaswende nayo ina kisa chake. Wodi za wagonjwa wa akili za Ulaya zilikuwa na watu waliojiona wafalme na matajiri, kisha wakapooza na kufa. Mwaka 1913 watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore wakamkuta kijidudu cha kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa wa aina hiyo. Wazimu ule ulikuwa na bakteria, na penisilini ilipokuja ikawa inautibu. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake wakaeleza ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inaushambulia ubongo. Wengi wa wagonjwa wake ni wanawake vijana, na mara nyingi huanza kwa kupelekwa kwa daktari wa akili, kwa sababu wanapiga kelele na kuona maruweruwe.

Upande wa pili nao una mitego. Sonona kwa mzee inaweza kujifanya demensia kabisa: hakumbuki, hajali, ukimuuliza anasema "sijui" na kugeukia ukuta. Mwenye demensia mara nyingi hujaribu kuficha pengo, atakupa jibu lolote ilimradi. Lakini usiishike hiyo kama kanuni, maana wengi wana vyote viwili, na wakati mwingine sonona ndiyo inayotangulia.

Kukosea hapa kuna gharama. Yupo mzee anayeona watoto wamekaa sebuleni, watoto ambao hawapo, huku mwendo wake ukianza kuwa mzito kama wa mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Hiyo inaweza kuwa demensia ya Lewy. Ukimwita kichaa ukampa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ili atulie, anaweza kukakamaa kama ubao, na wengine hufa.

Sisemi kila anayesahau atapona. Wengi hawaponi, Alzheimer haina dawa ya kuiondoa. Ila kabla ya kumwambia mtu azoee, mpime mkojo, vitamini B12, tezi ya shingoni, kaswende na VVU, mwage mezani vidonge vyote anavyomeza, uliza kama alianguka karibuni. Halafu liulize lile swali la muuguzi.

Mama mkubwa alimaliza antibayotiki, na baada ya wiki chache akachora saa nyingine, namba kila moja mahali pake. Aliyewahi kuweweseka ana hatari kubwa zaidi ya demensia baadaye, kwa hiyo kila baada ya miezi michache namrudishia kalamu, naye ananinunia. Juzi nilimwonesha ile karatasi ya kwanza. Aliigeuza, akaisogeza mbali na macho.

"Mtoto wa nani huyu," akauliza, "na hajafundishwa saa?"