Mlinganyo wa Kemia Uanze na Swali

Milinganyo ya kikemikali hufundishwa kana kwamba ni ngazi: unaanza na wa maneno, unapanda wa fomula, unamalizia na wa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Mwanafunzi hutoka hapo akiamini kwamba wa mwisho ndio wa kisomi na wa kwanza ni wa watoto. Mimi sikubaliani na hilo. Kila namna ya kuandika ina swali lake, na asiyelijua swali ataandika kwa kukariri tu.

Chukua nitrati ya fedha na chumvi ya jikoni. Miyeyusho yote miwili haina rangi. Dondosha mmoja ndani ya mwingine, papo hapo weupe mzito unatanda, mashapo yanaanza kuzama, na yakikaa kwenye mwanga wa jua yanaingia weusi. Kwa fomula tunaandika:

AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃

Kwa mtu aliyesimama mbele ya mizani, huu ndio mlinganyo wake. Hakuna chupa ya ioni za fedha peke yake; anapima nitrati ya fedha, takriban gramu 170 kwa moli moja (kipimo cha idadi ya chembe), pamoja na uzito wa nitrati isiyoshiriki lolote.

Ila anayetaka kujua kimetokea nini, mlinganyo huo unampoteza. Anaona NaNO₃ upande wa kulia, anadhani imeundwa. Haijaundwa. Ioni za sodiamu na nitrati zilikuwa zikielea majini tangu mwanzo, na bado zinaelea. Kilichotokea ni hiki tu, ambapo (aq) ni kilichoyeyuka majini na (s) ni kigumu:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Sasa mpe mtaalamu wa maji sampuli ya kisima cha pwani kilichoingiliwa na maji ya bahari, apime kloridi kwa nitrati ya fedha. Mle mna sodiamu, magnesiamu, kalsiamu, vyote kwa pamoja. Hiyo kloridi ni ya nani? Swali halina jibu, kwa hiyo mlinganyo mmoja wa fomula hauandikiki. Wa ioni unaandikika bila shida yoyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa joto. Changanya asidi ya hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu, kisha asidi ya nitriki na hidroksidi ya potasiamu. Fomula zinakuonyesha mimenyuko miwili tofauti kabisa, lakini katika miyeyusho hafifu yote hutoa joto karibu sawa, kama kilojuli 57 kwa kila moli ya maji. Ukiandika H⁺ + OH⁻ → H₂O, sababu unaiona kwa macho: ni mmenyuko mmoja.

Ndiyo maana nawasihi walimu wasiishie kufundisha kukata ioni zinazofanana pande mbili. Kazi ngumu iko kabla ya kukata: kuamua nini kitenganishwe kuwa ioni. Kalsiamu kabonati ni mango, yaani kitu kigumu kisichoyeyuka majini, haitenganishwi. Siki inatatiza zaidi, kwa sababu asidi yake imeyeyuka majini na alama yake ni (aq) kama nyingine, ila molekuli zake nyingi zimebaki nzima. Hapo huwezi kuandika H⁺ peke yake. Unaandika CH₃COOH + OH⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O, na mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini asidi hiyo imeachwa nzima anastahili alama zaidi ya aliyekata vizuri.