Faini ya Baht 555

Jamani, leo hapa Thailand ninapofundisha Kiingereza nimekwenda kulipa faini ambayo haipo. Nimeichanga mwenyewe, nimeitia kwenye bahasha mwenyewe, nimeikabidhi kwa mikono miwili kwa adabu zote za kwetu Muheza, na mpaka natoka shuleni walimu wenzangu walikuwa bado wanafuta machozi.

Kosa ni la papai. Juzi jioni nilikwenda kununua som tam, kachumbari yao ya papai bichi. Mama muuzaji akaniuliza nataka pilipili ngapi. Mimi, mtoto wa Tanga, nimekua na pilipili kichaa mlangoni, naulizwa swali hilo? Nikamwonyesha vidole vitano. Usiku ule nilikesha chooni nasoma maandishi ya chupa ya sabuni, na Kithai chenyewe sikijui.

Kulipokucha nikamwandikia mratibu wetu, dada mmoja mpole, kwenye LINE, maana huku Khon Kaen ukifungua WhatsApp utaongea na ukoo wako tu. Nikapanga Kiingereza cha barua rasmi, kile cha kidato cha nne: naomba radhi, tumbo limechafuka, sitaweza kuingia darasani. Jibu likaja: 555.

Basi. Hakuna pole wala ugua pole. Sasa wewe uliyekulia Tanzania, ofisi ikikutumia namba tupu, unaelewa nini? Unaelewa unadaiwa. Nikapiga hesabu, baht 555 za huku ni kama shilingi elfu arobaini na ushee za kwetu kwa utoro wa siku moja. Nikaandika tena kwa unyenyekevu: ni mara yangu ya kwanza, na isitoshe nimetapika. Akajibu: 55555.

Mama yangu mzazi! Kujitetea tu, faini imepanda mara mia! Mshahara wangu wa mwezi haufiki hapo. Nikazima simu. Trafiki akishatoa kitabu, hubishani naye.

Leo alfajiri nikaenda kutoa hela. Mashine haijui habari ya hamsini na tano, ikanipa noti za mia. Nikanunua maji ambayo sikuyataka ili nipate chenji, sarafu ya tano nikaiokota chini ya kitanda. Njiani nikawa napanga maneno: hii ndogo nailipa taslimu, ile kubwa tukae tuzungumze, hata kwa awamu. Nikafika, nikainama, nikakabidhi.

Dada akafungua, akahesabu, akauliza ni ya nini. Nikamwonyesha simu. Akasoma. Akakaa chini. Kisha akaita wenzake.

Kumbe kwa Kithai tano ni "ha". Tano tano tano ni ha ha ha. Yaani mimi roho inatoka, mtu anacheka! Nikamwambia nimetapika, akacheka zaidi! Akanieleza kwa upole kwamba kilichomchekesha ni vile vidole vitano, muuzaji alishamsimulia. Mji mzima una habari ya tumbo langu. Mwalimu wa hisabati sasa ananiita Khru Ha, yaani Mwalimu Tano.

Nikaingia darasani na hasira zangu, nikaita majina. Watoto hawa majina yao kamili ni marefu kama treni ya mizigo, kwa hiyo kila mmoja ana la kifupi. Bank? Yupo. Golf? Yupo. Benz? Yupo. Beer? Kimya. Naambiwa Bia anaumwa tumbo. Sikuuliza zaidi.

Kalenda yao nayo imetangulia yetu miaka 543. Juzi kwenye kliniki moja nilijaza kuwa nimezaliwa 1994, karani akaniangalia kama mzimu. Kwa hesabu zao nimezaliwa kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa.

Hayo yote nayavumilia. Kuna moja limenikaa kooni. Mimi nimefanya mtihani wa TOEIC kuthibitisha kwamba Kiingereza nakijua, cheti ninacho. Yuko mzungu tuliyeanza naye muhula mmoja, na kwao Kiingereza ni cha kuombea maji tu. Insha za wanafunzi wake ananiletea mimi nimsahihishie. Wazazi wakija, picha wanapiga naye, mimi naombwa niishike simu. Mshahara wake umeupita wangu, na nilipouliza kwa nini, nikaambiwa wazazi wanapenda sura ya mwalimu wa Kiingereza. Sura! Kwani vitenzi vinatamkwa na pua? Hapo hakuna aliyeniandikia 555. Na ukirudi kijiweni kwetu, ndiyo kwanza wanauliza: Mtanzania anafundisha Kiingereza? Kwani Wakenya wameisha?

Kinachoniheshimu huku ni saa za usiku peke yake. Saa tatu usiku wanaiita sam thum, na sam ni tatu, kama kwetu kabisa. Siku niliyogundua nilitaka kumkumbatia mwenye nyumba.

Tumbo likitulia nitapika ugali, nikasema. Nimezunguka soko zima, nikapata unga wenye picha ya hindi. Kumbe ule ni wa kufanya mchuzi uwe mzito. Nimesonga, nimesonga, sufuria ikaanza kunifuata na mwiko. Nimebandikia ratiba ya vipindi ukutani. Mpaka sasa haijabanduka.